Mbegu za waridi la jangwa: soksi kuukuu ndiyo iliyoniokoa

Huku Voi waridi la jangwa hujiotea kwenye mawe, shina nene kama kibuyu, maua ya pinki wakati kila kitu kimekauka. Mbegu zake zilinisumbua misimu miwili. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe za ng'ombe. Ukiyachuma mabichi, mbegu ni changa. Ukisubiri, unakuta yamepasuka na upepo umeshazibeba, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili.

Dawa ikawa soksi kuukuu ya nailoni. Ganda likianza kugeuka kahawia nalivika, nafunga kwa uzi, naenda zangu. Likipasuka, mbegu zinabaki ndani. (Utomvu usikuingie machoni, wawindaji wa zamani waliupaka mishale.)

Kuhifadhi ndiko kulikonitoa jasho. Za kwanza nilizifungia kwenye mkebe wa plastiki siku ileile, zikaota ukungu. Sasa nang'oa manyoya, nazianika kivulini juu ya gazeti wiki nzima, kisha kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya chupa ya jemu yenye vipande vya mkaa mkavu. Hata hivyo sizikawizi, hupoteza nguvu upesi. Nilizopanda mchangani mwezi jana zilichipua siku ya sita.