Korodani mmeshaitoa, mbona mionzi mnanipiga tumboni?

Swali hilo nilimuuliza dokta huku nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja. Upande wa kulia ulikuwa umevimba miezi minne, hauumi, mgumu tu kama kokwa la embe. Zahanati ya mtaani waliniambia ni mshipa, wakanipa vidonge. Mshipa, busha, ngiri: mwanaume wa Pwani akivimba huko chini, majina yako tayari. Mke wangu ndiye aliyenikokota hospitali kubwa. Nikapigwa altrasaundi, nikatolewa damu, nikakatwa. Walipitia kinenani, maana kupasua mfuko wenyewe kungeweza kusambaza ugonjwa. Maabara wakajibu: seminoma, aina ya saratani ya korodani. Kipimo cha CT kikaonyesha matezi yaliyovimba nyuma ya tumbo, hayajazidi sentimita 2.

Dokta akachukua karatasi akachora. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, korodani zake hutengenezwa juu, karibu na figo, ndipo zishuke, na mirija yake ya limfu inabaki imefungamana na huko juu. Ugonjwa ukitoroka, unapanda kulekule zilikotoka. Akavuta mstari wa mahali mionzi itakapopita, kando ya uti wa mgongo, akaupinda kuelekea nyonga ya kulia. Wenyewe huuita mguu wa mbwa. Grei 30 (grei ndicho kipimo cha dozi ya mionzi), grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 15. Hakunificha kwamba mionzi yenyewe inaweza kuzaa saratani nyingine miaka mingi baadaye, na kwamba kemo, yaani dawa za saratani, nayo ingefaa. Nikachagua mionzi, kwa kuwa seminoma huisikia sana.

Dar ukisema unaenda Ocean Road, hospitali ya saratani, watu wanaanza kukuaga. Mimi niliwaambia nafuatilia mzigo bandarini.

Siku ya kwanza nilikula chapati maharage ili nipate nguvu. Mashine haikuuma hata kidogo, dakika chache tu umelala. Nilipofika kituo cha daladala, chapati yote ikarudi. Kesho yake nikapewa ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, nimeze saa moja kabla ya kuingia. Nikala uji mwepesi wa tangawizi, mafuta nikayaacha kabisa, na nikaomba zamu ya jioni ili kichefuchefu kinikute kitandani. Hapo nikapumua.

Kilichonisumbua zaidi ni kikombe. Ni cha madini ya risasi, vipande viwili vinavyofunika korodani iliyobaki, isipate mionzi inayotawanyika. Kilikuwa kizito, na baridi yake niliisikia hadi kwenye meno. "Baba, kiweke mwenyewe, halafu usitikisike," aliniambia fundi wa mashine, binti wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akageukia ukutani. Nilimshukuru kwa kugeuka kule. Hata hivyo tulishauriwa kuzuia mimba kwa muda, na mama Halima, aliyekuwa akitaka mtoto wa tatu, alinuna siku mbili.

Siku ya 15 nilikaa benchini na kijana mwenye bahasha mpya, hajafika miaka 25. Akaniinamia sikioni.

"Kaka, shikamoo. Eti hicho kikombe ni cha nini?"

"Marahaba. Nitakueleza," nikamwambia, "lakini kwanza hiyo sambusa irudishe kwenye mfuko."