Usiku wa shangazi, kutoka Njoro hadi Nakuru mjini
Jumanne usiku nilipigiwa simu kutoka makao ya wazee yaliyo upande wa Njoro, anakoishi shangazi yangu mwenye umri wa miaka 81, nikaambiwa kwamba ameshindwa kuzungumza, mkono wake wa kulia umelegea, na huenda amepata kiharusi. Gari la wagonjwa lilichelewa mno. Hospitalini Nakuru, muuguzi alianza kwa kumdunga kidole, na kipimo kikaonyesha sukari ya damu ni milimoli 2.1 kwa lita, ilhali kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, chini ya 4 tayari ni hatari. Alitiwa glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache akafungua macho, akauliza kilemba chake kiko wapi.

Kumbe alikuwa amemeza glibenklamidi, dawa yake ya kisukari inayoshusha sukari, bila kula chakula cha jioni. Nilidhani tungerudi asubuhi, lakini daktari alikataa, akieleza kwamba dawa hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu, hasa kwa wazee ambao figo zao zimedhoofika, na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Alfajiri ilishuka kweli.

Linaloniuma ni kwamba mhudumu wa zamu wa makao, kijana mpole aliyemshika shangazi mkono njia nzima, hakuwa na orodha ya dawa zake wala kipima sukari, kwa kuwa kabati lilikuwa limefungwa na msimamizi alikuwa ameondoka na ufunguo. Simlaumu kijana huyo. Orodha nimeiandika kwa herufi kubwa na kuibandika nyuma ya mlango wa shangazi, na kesho nitakutana na msimamizi kuhusu ule ufunguo.