Kumbukumbu ya mradi wangu: meli ya angani tuliyoijua bila rangi

Zimebaki siku 60 (au 59, mwezi ndio utakaoamua)

Leo nimekata mkuku, uti wa mgongo wa meli ninayoiunda kwa boksi. Boksi la friji ya jirani limelala ukumbini tangu wiki iliyopita, na mke wangu ameshauliza mara mbili linaondoka lini. Linaondoka leo, kipande kimoja kimoja. Mkuku una sentimita 53, kwa sababu meli ya kwenye katuni ya Star Blazers wabunifu wake waliipa urefu wa mita 265.8 nami nimeigawa kwa 500. Ningeifanya kubwa zaidi ingekosa pa kukaa.

Nataka iwe tayari kwa Idi, siku ambayo ami huja kula pilau kwetu. Ami ndiye chanzo cha yote haya. Alisoma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, akarudi Unguja na sanduku la vitabu, koti ambalo hakulivaa tena, na kanda mbili za video. Humo mlikuwa na vipindi kumi na kimoja vya Star Blazers alivyovirekodi kwenye televisheni, matangazo ya biashara yakiwemo. Tuliviangalia mpaka kanda zikaota ukungu.

Kwa asiyeijua: mwaka ni 2199. Dunia imepigwa mabomu ya sumu kutoka sayari ya Gamilon, bahari zimekauka, watu wamehamia chini ya ardhi na wamebakiwa na mwaka mmoja wa kuishi. Malkia wa sayari ya mbali, Iscandar, anatuma ujumbe: nifuateni, ninacho kifaa cha kuisafisha dunia yenu. Safari ni miaka ya nuru 148,000 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Wanachukua gofu la manowari lililokwama kwenye sakafu ya bahari iliyokauka, wanalitia injini mpya ndani kwa ndani, na linapaa.

Kila kipindi kilimalizika kwa kuhesabu siku zilizobaki. Sisi tuliokuwa na vipindi kumi na kimoja tu tulijua kwa hesabu hiyo wapi pana pengo. Jana siku zilikuwa mia mbili na kitu, leo zimeshuka ghafla, basi hapo katikati kuna mambo tumeyakosa, na kila mtoto wa mtaa alikuwa na maelezo yake ya kilichotokea. Ndiyo maana na mimi nahesabu kurudi nyuma. Niacheni.

Zimebaki siku 53

Mataruma, yaani mbavu za meli, yote 22 yamekatwa, 19 yamesimama. Nimetumia gundi ya mbao kwa sababu supaglu hukauka kabla sijanyoosha kitu. Kila taruma nimelikata mara mbili na kulibandika pamoja, mishipa ya boksi ikipishana, la sivyo linapinda kama chapati.

Omo, yaani mbele ya meli, umenishinda. Chini ya maji meli hii ina uvimbe mbele, kama kidevu, na juu ya uvimbe huo pana tundu la mzinga mkubwa. Nikampelekea mzee wa jirani, fundi wa mashua aliyestaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akaigeuza mifupa yangu ya boksi mikononi kwa muda mrefu.

"Hii mashua gani, mwanangu?"

"Manowari, mzee. Inaruka."

"Inaruka. Na mkuku wa nini?"

Sikuwa na jibu. Ila alinionyesha kwamba mataruma matatu ya mbele niliyapanga kwa kufuata rula, na mbele ya chombo hakufuati rula. Unapinda ufito mwembamba kutoka katikati mpaka omo, kisha unakata mataruma kuufuata ufito. Nimerudi nyumbani nikang'oa yote matatu.

Zimebaki siku 47

Omo umekaa. Uvimbe nimeutengeneza kwa karatasi iliyolowekwa kwenye gundi, na tundu la mzinga ni kifuniko cha maka peni. Ndani yake itakaa taa ndogo ya LED ya buluu yenye betri ya saa.

Sasa nieleze habari ya rangi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Televisheni yetu Zanzibar ilikuwa ya rangi tangu ilipoanza miaka ya 1970, na tulijivunia hilo kuliko inavyostahili. Lakini kanda za ami zilirekodiwa kwa mfumo wa Marekani, NTSC, mistari 525. Huku tulikuwa na PAL, mistari 625. Deki ya nyumbani kwa bibi ilisoma mifumo yote miwili, televisheni ilijua mmoja tu. Picha ikaja, sauti ikaja, rangi ikabaki njiani. Kwa hiyo katuni niliyoipenda kuliko zote niliiangalia nyeusi na nyeupe kwenye televisheni ya rangi. Meli nilijua ni ya kijivu. Mimi na binamu zangu tuliichora kwa penseli, na penseli ilitosha.

Mwaka jana nilipata diski za mfululizo mzima, vipindi vyote 26. Dakika ya kwanza meli inapopaa nilisimamisha picha. Tumbo lake ni jekundu. Jekundu la hina iliyokolea, kutoka omo hadi tezi kule nyuma, na juu kijivu chenye ubuluu kidogo. Nilikaa pale kama mtu aliyeambiwa kwamba shangazi yake alikuwa na pacha.

Zimebaki siku 44

Nilichogundua kuhusu wekundu huo. Meli kubwa za chuma hupakwa chini ya mstari wa maji rangi yenye shaba, inayozuia mwani na wadudu wa bahari wasigande, na oksidi ya shaba ndiyo inayotia wekundu. Kwa maneno mengine ni deheni yao. Mafundi wetu hupaka mafuta na chokaa chini ya jahazi, wao wanapaka shaba. Meli ya angani haina haja ya chochote kati ya hivyo. Wachoraji waliacha tumbo jekundu kwa sababu chombo walichokifufua kilikuwa cha maji, na kilikuwa cha kweli.

Hapo ndipo mradi uliponiingia damuni. Jina la katuni kwa Kijapani ni Uchū Senkan Yamato, yaani manowari ya angani Yamato. Ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 1974, Jumapili jioni, saa ileile ya katuni ya Heidi, na yule msichana wa milimani akawashinda kwa watazamaji. Mfululizo ukafupishwa, ukaishia kipindi cha 26, mwezi Machi 1975. Mwaka 1977 waliviunganisha vipindi kuwa filamu, na vijana wakapanga foleni kwenye sinema. Star Blazers ya Marekani ilifuata mwaka 1979.

Zimebaki siku 38

Ngozi ya nje imeanza. Kadi nyembamba, vipande vya sentimita mbili, kila kimoja kimepindwa kwenye ukingo wa meza. Kazi ya kuchosha, haina la kusimulia.

Zimebaki siku 29

Ramadhani imeingia. Nafanya kazi baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Mchana sigusi msasa, vumbi la puti linakausha koo.

Usiku naweka diski mbili kwa zamu: toleo la Kijapani lenye maandishi, kisha lile la Marekani. Daktari wa meli yuko vilevile, kipara, na paka wake, na chupa yake kubwa. Kwa Kijapani anakunywa sake tangu asubuhi. Wamarekani wakaona haifai kwa watoto, wakasema ni maji ya chemchemi. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akimsifu: tazameni, mtu mzima anayejua thamani ya maji. Na kweli sisi tulimwona mzee mwenye kiu tu, anayeyumba kwa sababu ya mawimbi.

Jingine: Desslok, mtawala wa Gamilon, katika vipindi vya mwanzo ana ngozi kama ya mwanadamu yeyote, baadaye anageuka wa buluu, yeye na watu wake wote. Walibadili mawazo katikati ya kazi. Kwenye televisheni ya bibi alikuwa kijivu mwanzo hadi mwisho. Nimecheka peke yangu saa nane usiku.

Lakini kipindi cha pili hakikunichekesha. Toleo la Japani linasimama pale kwenye gofu na kurudi Aprili 1945. Yamato, moja ya manowari kubwa kuliko zote za wakati wake, yenye mizinga tisa ya sentimita 46, inapelekwa Okinawa bila ndege za kuilinda. Tarehe 7 Aprili ndege za Marekani zinaizamisha. Waliokufa ni kama 3,000, walionusurika hawakufika 300. Katuni inaonyesha hayo kwa utulivu, muziki ukiwa chini. Katika toleo la Marekani sehemu kubwa ya hayo imekatwa. Chombo kinatajwa haraka, kisha kinapewa jina jipya, Argo, la meli ya hadithi ya Wagiriki, na safari inaendelea.

Nawaelewa. Ungeanzaje kuwaambia watoto wa Marekani wa 1979, babu zao wakiwa bado hai, kwamba shujaa wao ni manowari iliyozamishwa na babu hao? Hata hivyo ninaona wamempa mtoto mifupa wakamficha marehemu. Nilikua nikidhani lile gofu la kutu ni chuma chakavu tu, mahali pazuri pa kuficha injini.

Ila niwape haki yao. Vifo vingine hawakuvikata. Nahodha Avatar, anayeugua tangu mwanzo, anafariki mwishoni dunia ikiwa imeshaonekana, na watoto wa huko walimwona akifariki. Kipindi hicho hakikuwamo kwenye kanda zetu. Kwa takriban miaka arobaini, kichwani mwangu yule mzee alikuwa hai.

Zimebaki siku 21

Mizinga. Minara mitatu mikubwa yenye mitutu mitatu mitatu, na miwili midogo, mitatu mitatu vilevile. Mitutu kumi na mitano, yote ni vijiti vya kuchokolea meno. Kwa kipimo changu mtutu wa Yamato ya kweli ni sentimita nne na kidogo, na kijiti kinatosha kabisa ukikikata ncha.

Nimeamua minara isigandishwe ili izunguke. Nimetia pini katikati, ikakaa vizuri. Kisha nikaigeuza meli kutazama tumbo, na minara yote mitano ikadondoka, mmoja chini ya kochi. Nikakumbuka nilichosoma: minara ya manowari hizo haikufungwa kwa chini, ilikaa kwenye visima vyake kwa uzito wake, kila mkubwa ukiwa na tani zaidi ya 2,000. Yamato ilipopinduka, minara yake mikubwa ilichomoka ikazama peke yake. Mabaki yalipochunguzwa mwaka 1985, kama mita 340 chini, chombo kilikutwa kimekatika vipande viwili, sehemu ya nyuma imelala kifudifudi. Gofu zima lililokaa wima la kwenye katuni ni hisani ya wachoraji.

Nimeacha pini kama zilivyo.

Zimebaki siku 12

Praima. Msasa. Praima. Mikwaruzo yote niliyojidanganya kwamba haionekani imeonekana.

Zimebaki siku 8

Tumbo jekundu limepakwa. Rangi ya dukani ilikuwa nyekundu ya bendera, inapiga kelele, nikaichanganya na kahawia na tone la nyeusi mpaka ikafanana na ile picha niliyoisimamisha. Mstari kati ya nyekundu na kijivu niliuweka kwa utepe wa karatasi, na nilipoubandua rangi ilikuwa imepenya sehemu mbili tu, upande wa ukutani. Atakayezitafuta atazipata.

Mzee fundi alipita baada ya futari. Akaitazama kwa mbali, akasema sasa ni chombo.

Idi

Ami amekuja, ameketi, nimemletea. Nilikuwa nimesubiri swali hili miezi miwili: "Ami, wewe uliiona kule kwa rangi. Huu wekundu ndio wenyewe?"

Akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu, kule nilikuwa mwanafunzi. Televisheni yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ndogo hivi, nyeusi na nyeupe. Deki nilikuwa naazimwa na mwenzangu. Mimi sijapata kuiona hii meli ina rangi."

Kwa hiyo hata yeye. Rangi ilikuwamo ndani ya kanda muda wote, na hakukuwa na aliyeweza kuitoa.

Akaipindua kulitazama tumbo, kabla sijamwahi. Minara ikadondoka kwenye sinia ya vileja, wajukuu wakaigombania. Mnara mmoja haujaonekana, na nina mashaka na aliye mdogo kuliko wote. Pia limebanduka daraja la tatu, kile chumba kinachoning'inia chini ya tumbo. Wapenzi wa katuni hii hulitania sana, kwa kuwa hata kwenye hadithi huharibika kisha likaonekana tena zima bila maelezo.

Taa ya omo inawaka. Daraja nitaligandisha kesho, kwa supaglu safari hii.