Mombo: elfu kumi kwa kila tarantula

Nauli ya Dar es Salaam hadi Mombo ilikuwa imepanda. Kondakta alisema ni msimu. Msimu wa nini, hakusema. Gesti nayo feni ilizunguka pale ilipojisikia. Hayo yapite. Kilichonichosha ni mapatano na kijana wa kunitembeza usiku kwenye mashamba ya mkonge: elfu kumi kwa kila tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, atakayenionyesha.

Wa kwanza aling'aa macho kwenye tochi toka mbali. "Huyo hapo, kaka! Dude hilo!" Kweli mkubwa, na manyoya anayo. Lakini macho yanayorudisha mwanga hivyo ni ya buibui mbwamwitu: manne madogo mstari wa mbele, mawili makubwa juu yake, mawili nyuma zaidi. Macho manane ya tarantula ni madogo, yamebanana kwenye kinundu kimoja. Isitoshe, huyu alikokota kifuko cha mayai nyuma ya tumbo. Sikulipa.

Wa pili alikatiza mbio, rangi ya mchanga, utadhani ana miguu kumi. Jozi ya mbele si miguu, ni vigusio. Tumbo lina pingili, na uzi hatoi. Huyo si buibui kabisa. Kijana akanuna. "Sasa kaka, wewe unamtaka wa namna gani?"

Nikamwambia tuache wanaokimbia, tutafute tundu. Lenye kifuniko ni la buibui wa aina nyingine, miguu yake inang'aa na nyayo hazina zulia la nywele. Tulitaka lililo wazi, lililotandikwa utando mzito. Tulilipata chini ya shina la mkonge. Nikachezesha ncha ya jani la nyasi mlangoni, akachomoka: rangi ya chungwa, mistari myeusi ikitawanyika kutoka katikati ya gamba la mgongoni. Pterinochilus murinus mwenyewe, tarantula wa kweli. Akanyanyua miguu ya mbele, meno nje.

Usimshike. Tarantula wa Afrika hana manyoya ya kuwashisha kama wengi wa Amerika, kwa hiyo kinga yake ni kuuma. Maumivu ni makali, na misuli inaweza kukaza baadaye. Nilimfunika kwa kopo pana la plastiki angavu, nikapitisha kadibodi ngumu chini taratibu, maana ukiharakisha unamkata mguu. Alipopanda ukuta wa kopo, tumbo likaonekana: madoa manne yaliyopauka, ndiyo mapafu. Mbwamwitu anayo mawili. Meno ya tarantula yanashuka sambamba kama sululu mbili. Ya mbwamwitu yanakutana kwa ubavu.

Nikawaza nyumbani Tabata, yule buibui bapa wa ukutani bafuni, miguu imetandazwa ubavuni kama ya kaa, anayepigwa kandambili kila wiki eti tarantula. Masikini, anakula mende tu.

Nilimrudisha mwenyeji mlangoni kwake, nikatoa elfu kumi. Kijana akadai thelathini. Tulimalizana kwa kumi na tano, kwa hoja yake kwamba huyu wa mwisho alikuwa mkali mno kwa bei ya kawaida.