Gati letu limeliwa

Jana maji makubwa ya bamvua yalipokupwa nilishuka na mzee mmoja fundi kukagua kijigati chetu hapa Kilwa Masoko. Nilidhani ni mbao za juu tu zimechoka. Mzee akachomeka kisu kwenye nguzo ya tatu, kikazama hadi mpini! Nje nzima, ndani vitundu vitundu kama sega la nyuki. Wadudu wa baharini wamekula nguzo nne kati ya sita, na sisi kila siku tunashushia hapo madumu ya mafuta.

Nikasema basi tutie nguzo mpya za mikoko. "Kibali cha misitu unacho, mwanangu?" mzee akaniuliza. Nikanyamaza. Bado sheria ya mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo Jumatatu naanzia halmashauri kabla ya kununua hata msumari.

Mimi nataka gati la kuelea: mapipa chini, mbao juu, pete zikishika nguzo, lipande na kushuka na maji. Mzee anasema upepo wa kusi utaning'olea. Tumebishana mpaka maji yakatufika magotini.

Mwenye mapipa ya plastiki ya lita 200 yasiyovuja, nitumie ujumbe. Yaliyobeba dawa za shamba sitaki.