Saa ya mezani ya Kiswahili inayodhani iko Tokyo

Lengo la mradi: saa ikifika moja asubuhi kioo kiandike saa moja, si 7:00. Vifaa ni bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuprogramu), moduli ya DS3231 ya kutunza muda umeme ukikatika, na kioo cha OLED cha SSD1306. Moduli na kioo vinagawana nyaya mbili za mawasiliano, SDA (pini 21) na SCL (pini 22), bila ugomvi, kwa kuwa anwani zao ni 0x68 na 0x3C.

Onyo la betri kwanza. Moduli nyingi za bei nafuu za DS3231 zina saketi ya kuchaji, lakini watu huweka CR2032, betri isiyochajiwa. Ukilisha moduli volti 5, betri itasukumiwa chaji isiyoitaka hadi ivimbe. Ng'oa rizista ndogo iliyoandikwa 201, au lisha volti 3.3. Ndani ya DS3231 hifadhi UTC tupu, yaani saa ya rejea ya dunia. Uswahili ufanyike wakati wa kuonyesha.

Sasa hesabu. Njia inayomjia kila mtu ni `(h + 6) % 12`, ambapo `h` ni saa ya Nairobi ya 0–23, nayo hufanya kazi vizuri mpaka saa kumi na mbili, inapotangaza saa sifuri. Dawa yake ni `(h + 5) % 12 + 1`. Lakini kuna njia ya kivivu zaidi. Afrika Mashariki ni UTC+3. Ongeza sita unapata UTC+9, yaani Tokyo. Mwambie ESP32 yuko Japani:

`setenv("TZ", "JST-9", 1); tzset();`

(Ndiyo, alama ni ya kutoa. POSIX, kanuni inayofuatwa hapa, huhesabu kinyume, na Nairobi kwake ni `EAT-3`. Usiulize.) Baada ya hapo `%I` (saa ya 1–12) ya strftime, amri ya kugeuza muda kuwa maandishi, inatoa saa ya Kiswahili bila hesabu yoyote.

Ungeweza pia kutoa sita ukaishia UTC-3, Buenos Aires. Tarakimu ni zilezile, ila tarehe ingegeuka saa kumi na mbili asubuhi. Ya Tokyo inageuka saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi, kama siku ya Kiislamu inavyohesabiwa pwani. Alhamisi saa tatu usiku, Tokyo tayari ni Ijumaa, na kioo kinaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa kusoma `tm_wday` (namba ya siku ya wiki) tu. Saa nane usiku bado kinasema hivyohivyo, na bado ni sahihi. Safu ya majina ianze na Jumapili, kwani lugha ya C huipa namba 0; ukianza na Jumamosi, wiki nzima itachelewa siku moja.

Nyakati, kwa `tm_hour` (saa ya 0–23) ya Tokyo: 0 jioni, 1–9 usiku, 10–11 alfajiri, 12–17 asubuhi, 18–21 mchana, 22–23 jioni. Hiyo 0 ndiyo korofi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni ya Alhamisi, Tokyo inasema Ijumaa, na hakuna mtu Mombasa atakayekubali. Kwa saa hiyo moja tumia `(tm_wday + 6) % 7`.

Dakika zikipita 30 tunasoma saa ijayo: kasorobo, kasoro dakika kumi. Usiongeze moja kwenye `tm_hour`, utapata 24. Ongeza 3600 kwenye `time_t` (muda kwa sekunde), kisha uite `localtime`, inayougawa kuwa saa na siku, upya. Saa, wakati na siku vinahama pamoja. Jaribu 05:45 ya Nairobi: itoke "saa kumi na mbili kasorobo asubuhi". Jaribu 17:50 ya Alhamisi: "saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni", na siku ibaki Alhamisi.

Kilichobaki ni 19:00. Kuna nyumba inayosema saa moja jioni na jirani yake saa moja usiku, na hakuna aliye tayari kusahihishwa na ESP32. Nimeweka swichi ya kuchagua kwenye pini ya GPIO 4.