Jakuzi ya uani: nitengeneze au nitupe?

Jumamosi, 6 Septemba

Nyumba tuliyonunua hapa Minnesota tuliikuta na jakuzi uani, ya mwaka 2004, ya watu sita. Msimamo wa mke wangu unajulikana: iondoke, tupande maua. Mimi nataka kuingia humo Januari theluji ikiwa magotini. Tatizo, sakiti breka inakata kila nikiwasha, na maji yanapungua bila mtu kuoga.

Fundi aliyekuja alikaa dakika kumi, akasema tupa. Mpya ya ukubwa huo dola 8,500, na kuibeba ya zamani dola 500 juu. Hata ubao wa pembeni hakufungua! Ningemwamini zaidi kama angechafuka mikono kidogo.

Nimejiwekea mpaka: vipuri visizidi dola 900. Beseni halina ufa. Lingekuwa nao, ningeshaita gari la taka.

Jumapili, 7 Septemba

Nimezima umeme kwenye boksi kuu, nikahakikisha kwa mita kabla ya kugusa chochote. Nikachomoa nyaya za hita, nikafunga, nikawasha tena. Breka ikatulia. Basi mwizi ni hita.

Ni ya kilowati 5.5 kwa volti 240, kwa hiyo ncha kwa ncha mita inapaswa kusoma kama omu 10. Ikasoma 10.4, nikadhani nimekosea, hita ni nzima. Kisha nikapima kati ya ncha na ganda lake la chuma, mahali ambapo mita haipaswi kuonyesha njia yoyote ya umeme. Ikaonyesha. Ganda limetoboka, umeme unavujia majini. Wiki nzima naitukana breka, kumbe ndiyo iliyokuwa inatulinda.

Hita mpya: dola 140.

Alhamisi, 11 Septemba

Kuvuja nimekutafuta kivivu: nimezima kila kitu, nikaacha maji yashuke yenyewe, kila asubuhi nabandika utepe yalipofika. Maji hayawezi kushuka chini ya tundu yanakotokea. Leo yamesimama, chini kidogo ya matundu ya kurushia maji ya upande wa uzio. Pampu iko chini zaidi ya hapo, kwa hiyo sili yake haihusiki. Nilikuwa karibu kuagiza pampu nzima.

Shemeji kapiga kutoka Moshi, nikamweleza. "Shemeji, si uje tu kwenye chemchemi ya Chemka, ulipe kiingilio uogelee?" Nikamkumbusha kwamba maji ya Chemka yana umoto wa jina tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Upande wa uzio umejaa povu gumu la kuzuia baridi. Nimelichimba kwa kisu cha mkate (kimeonekana, kesi inaendelea). Lililolowa likanielekeza kwenye kiungo cha bomba kilichopasuka. Nadhani kuna majira ya baridi umeme ulikatika, maji yakaganda humo ndani. Nimekata, nimeweka kiungo kipya na gundi, nimeacha saa 24. Dola 38.

Kava ndilo limeniuma. Limenyonya maji hadi linanyanyuliwa na watu wawili, na sponji iliyolowa haizuii joto. Kumbe bili ya umeme ya mwaka jana ilikuwa inapasha moto mbingu. Jipya dola 450.

Jumatatu, 6 Oktoba

Juzi jioni nilijaza kama lita 1,400 kwa mpira wa bustani, maji yakiwa nyuzi 14. Jana asubuhi yalikuwa 38. Breka haijakata, na leo maji bado yako kwenye utepe ule ule. Mke wangu kaingia wa kwanza, na habari za maua hajazigusa.

Jumla dola 628. Ila pampu imeanza kunguruma, nahisi ni beringi, na zile 272 zilizobaki naona tayari inazikodolea macho.